Fortuna Katika Koti la Nkwabi

Maganzo, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Bujiku,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nyarugusu, wewe na mama Nkwabi, na kwamba goti lako limepunguza kuuma. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana najua utaitoa kwa kununa, marahaba. Mimi afya sina tena. Moyo umevimba, miguu imevimba, na daktari ameanza kuzungumza nami kwa upole, jambo ambalo si dalili njema. Kichwa tu ndicho hakijavimba, ingawa najua wewe utabisha.

Watu wamesikia ninakufa, basi wanakuja kutazama sarafu. Unazijua: zile dinari za Warumi wa kale nilizoanza kukusanya nikifundisha Kilatini seminari, nikiziagiza kwa posta kutoka Ulaya, kila moja na mungu wake. Miaka yote hii sijapata hapa mtu wa kuzungumza naye habari zake, na sasa naona sitampata. Abel, yule dalali wa almasi, alikuja na lenzi jichoni, akaigeuzageuza ile ya Jano, mungu wa milango mwenye nyuso mbili, halafu akaniuliza jiwe lake lilikuwa limebandikwa wapi. Mwinjilisti Marcel naye alikuja na Biblia na kiberiti. Alisema mungu wa nyuso mbili ni shetani mtupu. Nilimjibu kwamba wenye nyuso mbili anao kanisani kwake, wamekaa viti vya mbele, na kwamba fedha haiungui kwa njiti ya kiberiti. Angemaliza shule angelijua hilo. Alipomwona Minerva, mungu wa elimu, na bundi miguuni pake, alikimbia akasahau kofia. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu Magesa anafuga bundi wa fedha.

Nisikufiche, nawe nilikuweka katika kundi hilohilo. Kabla hujazama duara lako la kwanza, shimo la dhahabu, ulinijia na kibuyu cha maji, ukapiga goti, ukaomba baraka ya lubango: nijaze maji kinywani nikupulizie kifuani kama baba alivyokuwa akitufanyia, kwa kuwa baba ameshalala na mkubwa ni mimi. Nilikuuliza, mbele ya mashemeji zako, kama mate yangu yangeushikilia mwamba vizuri kuliko magogo ya kuegemezea shimo. Wakacheka. Uliyamwaga yale maji mlangoni ukaondoka, na tangu hapo tunasalimiana kama karani na mteja.

Wiki iliyopita alikuja mwanao Nkwabi na kibuyu kilekile. Alisema wanafungua duara jipya, na Jumatatu ijayo yeye ndiye atakayetangulia kushuka. Alisema alikuomba wewe kwanza, ukakataa, ukamwambia kwamba asiyepokea hana cha kutoa. Nilimwambia aache ushenzi, akakague magogo. Alitabasamu kwa adabu, akasema magogo ameshayakagua, baba mkubwa, na maji bado yamo kibuyuni.

Hapa naomba usome polepole. Alipotoka kunifuatia dawa, aliliacha koti lake kitini. Niliinuka nikishika ukuta, nikamchukua Fortuna, mungu wa bahati, yule mwenye usukani mkono mmoja na pembe lililojaa matunda mkono wa pili, nikamtia katika mfuko wa ndani. Wala usidhani ni akili ya ugonjwa. Tangu siku nilipompata sijawahi kufungua mlango asubuhi kabla ya kumsugua uso kwa kidole gumba. Uso wenyewe umefutika. Wageni hudhani ni Warumi waliomchakaza. Ni mimi, Bujiku. Mimi niliyemcheka Marcel, mimi niliyekucheka wewe.

Baada ya siku mbili Nkwabi alirudi na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema pesa yangu ilidondokea katika koti lake, naye hawezi kushuka ardhini na mali ya mtu. Akaiweka mezani. Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri aambiwe neno. Nilimwambia aifute vumbi kabla ya kuiweka. Akaifuta, akaaga, akaenda.

Tangu hapo tunatazamana, mimi na Fortuna. Hana hata pua. Wote niliowadharau waliamini waziwazi, kila mtu mbele za watu. Mimi niliamini nimefunga mlango. Mtoto wetu aliomba mate ya babu yake, nami nikamchomekea mfukoni mungu wa wageni, kwa sababu niliona haya kuonekana nimepiga funda la maji.

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa basi ikufikie leo. Njoni kabla ya Jumatatu, wewe na Nkwabi, na mashemeji wale waliocheka uwalete, kama bado wapo. Uje na kibuyu. Utapiga goti wewe kwanza nikupulizie, na likiuma liume. Kisha wewe utampulizia mwanao mbele yangu, nione. Sarafu zote mpe Abel, aendelee kutafuta jiwe.

Mama Nkwabi msalimu sana. Mwambie uji wake ndio pekee niliowahi kuusifu, na nilimaanisha. Msilale njiani, mdogo wangu. Kinywa kinakauka.

Ni mimi kaka yako,
Magesa