Soksi Nyeupe za Athumani

Jumapili, baada ya maghrib. Joto la kaskazi halijashuka hata jua lilipozama, na upepo leo umegoma kabisa. Miguu yangu nimeitia kwenye beseni, maji yamegeuka mekundu, nami nayaangalia kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta na sasa hajui akiweke wapi.

Niseme kweli, maana hapa bloguni ndipo ninaposema kweli. Wasomaji wangu mmenipongeza sana kwa kuanza kuendesha baiskeli. Mmesema afya, mmesema mfano kwa wanawake. Ahsanteni. Lakini sikuanza kwa ajili ya afya.

Nilianza ili nimpeleleze mume wangu.

Athumani ni fundi wa mafriji kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mgeni wa Kitaliano alipohama alimwachia baiskeli mbili za mbio, na tangu hapo amejiunga na kundi la waendeshaji wa hapa Malindi. Jumapili moja kila mwezi hutoka alfajiri kuelekea Lango la Sala, na kwa ruhusa huingia Tsavo, gari la askari wa wanyamapori likiwatangulia. Jioni hurudi kwa pikapu, baiskeli zimefungwa kamba nyuma. Kisha Athumani huketi barazani kwetu Muyeye, majirani wakamzunguka, akaanza. Tembo wa kijivu alivyowazibia njia. Simba aliyemtazama hivi. Twiga. Hata mamangu akija kutoka Kikambala husimuliwa, naye hutoa macho.

Mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo kazi yangu, na nguo za nyumba hii nafua mwenyewe. Ndipo nilipoanza kuona. Mwalimu Charo, kiongozi wa kundi lao, hushuka kwenye pikapu mwekundu kwa vumbi mpaka nyusi. Wenzake vilevile. Athumani wangu hushuka na soksi nyeupe.

Mwezi wa kwanza nilidhani amezikung'uta. Wa pili nikazigeuza ndani nje. Nikazinusa, Mungu anisamehe. Hazikuwa na vumbi wala jasho la maana. Mwanamume ametoka mbugani na soksi za kwenda nazo harusini.

Sasa nyinyi niambieni, anakwenda wapi?

Sikumuuliza. Ukimuuliza mwanamume swali kama hilo unamfundisha kuzichafua soksi. Nilichofanya ni kutoa mfuko wangu wa safari, nikatia madira, kanga na vyeti vyangu, nikausukuma chini ya kitanda upande wa ukutani. Nilijiambia nikimkuta ana nyumba ya pili huko bara, sitapiga kelele wala kuita wazee. Nitapanda gari niende kwa mamangu Kikambala, na cherehani itanifuata.

Halafu nikaichukua ile baiskeli ya pili.

Nilijifunza kwa aibu tupu. Suruali pana, dira fupi juu, hijabu chini ya kofia ya baiskeli, na mtaa mzima wa Muyeye umetoka kutazama. Nilianguka mbele ya duka la mkaa, nikaanguka tena palepale siku ya pili, mpaka muuzaji akawa ananipokea. Athumani alipoona sikati tamaa akaanza kunizuia kwa upole. Huko kuna jua kali. Huko hakuna choo cha maana. Mbuga si mahali pa wake za watu. Kila alivyonizuia ndivyo nilivyozidi kukanyaga.

Jana jioni akabadilika. Akanijazia upepo tairi, akanipaka mafuta mnyororo, akanikatia nanasi kwenye sahani. Nikala nanasi lake, lakini sikulipenda hata kidogo. Mtu anayekuzuia mwezi mzima halafu ghafla anakukatia nanasi, ana lake.

Leo tukatoka. Tulipopita Kakoneni nilikuwa nyuma yake, nikamfuata kama mdai. Alikuwa anapumua kwa shida, nikajua anajifanya. Tulipofika kijiji cha Lango Baya, penye vibanda vya chai, akashuka na kushika goti.

"Nyinyi tangulieni," akasema. "Goti hili."

Hakuna aliyemuuliza goti lina nini. Mwalimu Charo akatazama gurudumu lake. Wengine wakatazama juu, kama kuna mvua inakuja. Hapo nikajua kwamba wote wanajua, na kwamba mimi peke yangu ndiye mjinga wa safari. Nikashuka na mimi.

Kulikuwa na hoteli ndogo ya makuti, ya mama mmoja mtu mzima anayeitwa Mama Sidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama mimi, akamtazama Athumani, akacheka.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Basi mpeleke bwanako akapumzike. Kitanda chake kiko palepale nyuma."

Kitanda chake.

Masikio yakaniziba. Nikapita nyuma ya jiko. Kulikuwa na kibanda kisicho na ukuta, kitanda cha kamba, na juu yake mto. Mto ulikuwa umevishwa foronya niliyoidarizi kwa mkono wangu, ile ya maua ya asumini niliyoitafuta nyumba nzima mpaka nikamshuku dada wa jirani. Ilikuwa safi. Mtu alikuwa anaifua.

Nikatazama kamba ya nguo. Leso mbili zilizochakaa, gauni la mtu mzima, basi. Nikatazama chini ya kitanda. Ndala za Mama Sidi. Nikatazama kila pembe nikitafuta bangili, chanuo, harufu ya udi, chochote cha mwanamke wa rika langu. Athumani amesimama tu, kofia mkononi.

"Nani analala hapa?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nalala tu, Mwanaisha. Nalala mpaka pikapu irudi."

Basi akaeleza, macho chini. Mara ya kwanza kabisa alifika hapo akatapika, kizunguzungu kikamshika, Mama Sidi akamlaza na kumpa maji ya dafu. Pikapu ikamchukua wakati wa kurudi. Alipofika nyumbani nilimpokea mbele ya watu nikamuuliza, vipi, mmewaona tembo? Akasema ndiyo. Baraza lote likanyamaza kumsikiliza. Hakuna aliyewahi kunyamaza kumsikiliza fundi wa mafriji. Mwezi uliofuata akarudi kujaribu, akafika hapohapo, kitanda kikamshinda. Wenzake wakakubaliana kumsitiri. Foronya aliichukua kwa kuwa mto wa Mama Sidi ulimwasha shavu.

"Anakoroma huyo," Mama Sidi akasema kutoka jikoni. "Kuku wangu wanakimbia."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kwa pampu ya baiskeli. Nilitaka pia kuketi hapo kutwa nzima nimchambue neno kwa neno. Lakini Mwalimu Charo aliita kutoka barabarani, tunakwenda au tunabaki, gari la askari haliwezi kungoja. Athumani akasema nibaki, tunywe chai.

Nikapanda baiskeli nikaenda.

Sijui kuandika nilichokiona huko, nitajaribu. Lami ilikwisha Lango la Sala, ukaanza udongo mwekundu, mwekundu hasa, na nchi ikafunguka pande zote haina nyumba wala ukuta. Vichaka vimekauka vyeupe. Upande mmoja mto Galana, huohuo tunaouita Sabaki huku kwetu, ule unaochafua bahari yetu kila mvua, huko umetulia chini ya miti ya mikoma na mamba wamelala kwenye mchanga. Sauti ilikuwa ya minyororo yetu tu na gari la askari mbele. Jua lilinipiga, mapaja yaliwaka, nikala vumbi la kila aliyenitangulia, na kwa kipande kirefu cha njia sikumshuku mtu yeyote. Sikumbuki mara ya mwisho nimekaa hivyo.

Kisha gari likasimama, askari akatuashiria tushuke tujikusanye nyuma yake. Tembo walikuwa wanavuka. Wakubwa kwa wadogo, polepole, hawana habari na sisi.

Walikuwa wekundu. Wamejipaka udongo ule mpaka masikio, wekundu kama tofali.

Miezi yote Athumani amesimulia tembo wa kijivu. Kijivu cha kwenye kalenda. Nilichambua soksi zake uzi kwa uzi, kumbe ushahidi ulikuwa unakaa barazani kwangu na kunywa kahawa.

Nikasimama pale machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya nini. Nadhani nilifurahi. Sina mke mwenzangu wa bara, sina nyumba ya pili ya kugombana nayo. Lakini furaha hiyo haikufika mwisho wa barabara. Maana nilianza kufikiri, mtu anayeweza kumtazama mkewe machoni akamhadithia simba aliyempigia miayo, hata mkono hautetemeki, huyo ana hadithi ngapi nyingine? Ile ya mshahara kuchelewa. Ile ya kuvunja simu. Nimezipitia zote nikiwa nakanyaga, na nimebaki na tatu ambazo rangi zake sizipendi.

Tulimchukua tukirudi. Alikaa pembeni ya pikapu, soksi nyeupe. Mimi mwekundu mpaka nyusi.

Barazani majirani waliuliza, vipi, tembo? Athumani alinitazama mimi. Nilisema tumewaona, nikaingia ndani. Sikumwaibisha. Alinifuata mpaka mlangoni, nikaona ananingoja nimcheke, na sikumcheka, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko kelele.

Alipokwenda kunitafutia taulo akakuta mfuko.

Aliutoa chini ya kitanda, akauweka katikati ya chumba. Akaona kanga. Akaona vyeti.

"Hii ni safari ya wapi?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa ameniambia yake mchana, kwa tabu, mbele ya kuku. Lakini nikamtazama machoni, nikasema ni nguo kuukuu za kumpelekea mama agawe, na vyeti vimo kwa bahati mbaya. Mkono haukutetemeka.

Aliuchukua mfuko akaurudisha upande wa ukutani, kisha akapita hapa kwenye beseni, akachukua soksi zangu zilizolowa. Hivi ninavyoandika yuko uani chini ya taa. Amezigeuza ndani nje, anazitazama.