Mzee Gaspari na Uso wa Nyumba Yake

Kamembe, Rusizi

Kwako Mama yangu mpendwa,

Goti linasemaje? Limepunguza hasira, au bado linakusumbua ukiteremka ziwani? Na mihogo ya nyuma ya nyumba, mvua imeitendea haki? Mimi ni mzima. Kazi ya kushona inaenda, ila kutulia ndiko kumenishinda. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila mara ukisema uniti zinakwisha, na jambo hili linataka maneno mengi. Dada Esperansi akusomee polepole, asiruke mahali.

Nilikuambia ufunge mizigo uhame Kalemie uje kukaa nami, kwamba chumba cha nyuma ya ateliye yangu ya kushonea ni chako. Mama, usipande boti kabla hujaisikia barua hii yote.

Nyumba ninayopanga iko kwenye barabara kubwa, na kwa mbele ni aibu tupu. Rangi imebambuka, simenti imedondoka kwenye nguzo, mabati ya baraza yamelegea. Na si yetu tu. Hapa mjini kuna nyumba ambazo ndani unakuta sakafu inang'aa, nje unatamani kulia. Sasa watu wa murenge, ofisi ya serikali ya hapa, walipita wakatangaza kwamba kila nyumba ya barabarani itengenezwe uso, na isiyotengenezwa hadi mwisho wa mwezi itafungwa milango.

Siku mbili tatu baadaye akaja mwenye nyumba, Mzee Gaspari. Akasimama ng'ambo ya barabara, mikono mgongoni, akaitazama nyumba yake weee. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, "Iyi nzu nzayisiga," akaenda zake. Mimi nikasikia ataisiga, yaani ataipaka rangi, kama sisi tunavyosema kusiga mafuta. Nilipiga vigelegele hadi wateja wakacheka. Ndipo nikakupigia simu nikakuambia uje, nyumba inakuwa mpya.

Tena nikajitia kumrahisishia kazi. Mimi na Papa Neema, fundi wa simu wa mlango wa pili, tukachukua burashi za waya na panga butu, tukakwangua ukuta wote wa mbele. Chini ya rangi ya maziwa ikatoka ya kijani, chini ya kijani ikatoka bluu, na juu ya bluu yakatokea maandishi makubwa: BOULANGERIE. Mama mmoja wa kisiwa cha Nkombo, beseni la dagaa wa sambaza kichwani, akasimama mlangoni.

"Maman, mikate iko?"

"Hapana, hapa tunashonaka manguo."

"Sasa munaandika mikate ya nini? Munacheza na njaa ya batu!"

Mzee Gaspari alipokuja akashika kichwa. "Nani alibatuma?"

"Si weye, Mzee? Ulisema utaisiga."

Alicheka hadi akaegemea nguzo, vumbi lote likamwingia kwenye koti. "Nilisema ninaiacha! Nitaiuza, ninaenda Kigali kukaa na batoto. Rangi ya nini tena? Mutafute fasi ingine."

Kumbe maneno ni mawili. La rangi unalivuta kidogo, la kuacha hulivuti. Wewe ungelitambua papo hapo, Mama. Sisi ulituongelesha Kinyarwanda tangu utoto, tukakujibu Kiswahili, na wewe ukatuachia tu. Nilicheka pamoja naye, lakini nilipoingia ndani nikafunga pazia nikalia, maana nilikuwa nimeshakuita.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhangaika. Nakaa kwenye mashini, nainuka. Nimemshonea mwimbaji wa kwaya gauni, mkono mmoja nikauweka ndani nje. Nimekwenda kuangalia chumba kule Gitambi, kizuri, cha bei nafuu, lakini nani atatoka mjini aje huko kupunguza suruali? Kila nikirudi naukuta ule ukuta uliokwanguliwa, kazi ya mikono yangu, unanitazama tu.

Mwishowe nikamfuata Mzee Gaspari kwake. Nikamwuliza, "Na kama tunaisiga siye benyewe?" Nikalivuta lile neno hadi akatabasamu. Akafikiri, akasema tukiisiga tukae, kwa mwaka mmoja hataiuza. Baada ya hapo hajui, na hataki kunidanganya.

Papa Neema alipopata habari akatikisa kichwa. "Unapaka bibi ya muntu poda, halafu bwana mwingine anakuja kumuoa. Weye unabakia na kopo."

Niliudhika, kwa sababu anasema kweli. Lakini huyohuyo ndiye aliyeleta ngazi. Leo tumemaliza mkono wa kwanza: juu rangi ya maziwa, chini kahawia ili matope yasionekane. Murenge hawajarudi kuangalia. Pikipiki ikipunguza mwendo tu, natoka nje.

Basi ukweli ndio huo. Nilikuahidi makazi, nilichonacho ni mwaka mmoja, tena kama ofisi itaridhika. Ukiona ni afadhali ubaki hapo karibu na kaburi la Baba, sitanung'unika mbele yako.

Msalimie Dada Esperansi, na mume wake, shemeji yangu anayenidai kofia. Baba mdogo Yosia mwambie viatu vyake nimevipata. Mama mkwe wa dada mpe pole ya macho.

Nimeandika sitanung'unika, nimeisoma tena, ni uongo. Njoo, Mama. Rangi hii nimeipaka kwa ajili yako, na kama ni mwaka mmoja tu, sitaki hata mwezi wake mmoja upite chumba chako kikiwa kitupu.

Ni mimi binti yako, mikono imejaa rangi,
Furaha