Mama Ameacha Kunywa

S.L.P. 38,
Kimulot.
14 Julai 1997

Mpendwa wifi Sellah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye ukungu. U hali gani huko Garissa? Joto limekumaliza, ama umeshakuwa mwenyeji? Watoto ni wazima, na kaka yako Kiplangat bado anakoroma hadi ng'ombe wanashtuka.

Majani chai yamepungua kwa sababu ya baridi, lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Kiplangat alitaka nikuandikie kwamba Mama anaendelea vizuri. Nimekataa. Mimi ndiye ninayeshinda naye.

Unakumbuka alipoteleza shambani mwaka wa 1994 akawekewa nusu nyonga ya chuma. Tulishangilia sana alipotembea na mkongojo hadi kanisani. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili akaanza kushika paja kila akisimama, na sasa hainuki bila kushikwa. Daktari alitazama picha akasema chuma kimekuwa kikisaga mfupa wake kidogo kidogo, na kwa mwili alio nao sasa hawezi kupasuliwa tena. Alisema pia kwamba wazee wengi hawamalizwi na nyonga yenyewe, bali na kulala tu na kukaukiwa maji mwilini. Niliitikia bila kufikiria sana.

Halafu kuna habari ya wenzake wa wodini. Walipasuliwa wanawake wanne wiki ile, na wamekuwa wakitumiana salamu kupitia akina mama wa kanisa. Wawili walifariki kabla ya mwaka kuisha. Wa tatu, Jerusa wa Sotik, alizikwa mwezi wa Mei, baada ya kulala kitandani miezi minne. Mama alipoambiwa hakulia. Alisema tu, "Sasa ni mimi nimebaki," akaniomba nimgeuze aangalie ukuta.

Tangu hapo chai anairudisha, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, anaonja tu ili asinivunje moyo. Nilidhani ni huzuni. Nikamsema, maana mdomo wangu unaujua: "Mama, unataka watu waseme nakunyima chakula?" Ndipo akaniambia ukweli, macho chini.

"Nikikunywa, lazima niende choo. Na ni wewe utanishika. Mimi siwezi funguliwa nguo na bibi ya kijana yangu. Wacha nikae na kiu. Sellah akikuja, nitakunywa."

Sellah, niliogopa. Kiplangat amemtengenezea kiti cha mbao cha chooni, lakini bado lazima mtu amwinue, na kuinuliwa huko na mwanawe hataki hata kusikia. Majirani wote wa karibu ni wake wa ukoo huu, kwa hiyo wote ni kama mimi. Midomo yake imepasuka. Anachanganya majina ya watoto. Jana alilowesha shuka mara moja tu kutwa nzima, na doa lilikuwa la rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilifua huku nikilia, na sikumwambia mtu.

Uliandika kwamba utakuja Desemba. Usingoje Desemba, tafadhali. Hata kufunga shule usingoje. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa.

Cheptoo na Kiplimo wanamsalimu shangazi yao. Kiplangat pia anakusalimu, ingawa hajui ninayoandika hapa.

Nitakungoja hadi Jumamosi tarehe 26. Usipofika, nitamnywesha mwenyewe, nimbebe na kumvua nguo hata akikataa. Ameshaniambia nikithubutu atanilaani, na unajua Mama hasemi neno hilo kwa mchezo. Niko tayari kulaaniwa, mradi awe hai. Lakini ninaogopa, Sellah, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunizuia.

Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Mimi wifi yako akupendaye,
Loice