Kelele ya Kinu cha Kedowa

Alhamisi jioni. Mvua haijakatika tangu mchana na Kericho yote inanuka majani chai. Nimeketi jikoni, koti bado mwilini. Sitaki kuongea na mtu.

Nimeaibika. Wacha niandike kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Jana nilitumwa na ofisi yetu ya mazingira Kedowa kupima kelele ya kinu cha kusaga mahindi. Mama Cherono, jirani wa kinu hicho, alikuwa amelalamika kwamba mtoto wake mchanga halali mchana. Njiani dereva alikwepa ng'ombe, na kipima kelele kikaruka kutoka kwa kiti kikagonga sakafu ya gari. Nilikiokota, nikakifuta kwa sweta, nikaona kinawaka. Nikajiambia ni sawa.

Kwa begi nilikuwa na kalibreta, kile kidude unachovisha kwenye maikrofoni kikatoa mlio wa desibeli tisini na nne. Kipima kikisoma hivyo, kiko sawa. Ni kazi ndogo sana. Lakini wateja walikuwa wamejaa pale na magunia yao, wakinitazama. Niliona nikianza kubonyezabonyeza nitaonekana sijui kazi.

Nikapima. Nikatangaza kwa sauti kwamba kelele haijapita kiwango cha sheria.

Mwenye kinu, Bwana Koech, akacheka. "Si niliwaambia? Huyu mama anapenda tu maneno."

Wengine nao wakacheka. Mama Cherono alimfunika mtoto, akaingia ndani.

Niliporudi ofisini ndipo nikavisha kalibreta. Kipima kikasoma themanini na sita badala ya tisini na nne.

Maikrofoni ilikuwa imeumia. Na Mungu anisamehe, kwanza niliwaza kunyamaza.

Leo asubuhi nimeazima kipima kingine kwa mwenzangu wa Kabianga nikarudi Kedowa. Nilikikagua kwa kalibreta mbele ya kila mtu, kisha nikapima. Kelele imepita kiwango, tena imepita mbali. Nikawaambia wateja: jana nilikosea, huyu mama alisema ukweli. Bwana Koech alinuna, akazima injini. "Sasa unataka nifanye nini?" Tumekubaliana asogeze injini upande wa barabara na ajenge ukuta wa matofali mahali pa mabati yanayozunguka kinu. Hakufurahi, lakini amekubali.

Halafu nikabisha kwa Mama Cherono. Nilitarajia matusi. Alinipa kiti, akanimiminia chai, nami nikaomba msamaha.

"Ni sawa, nimekusamehe," alisema. "Lakini jana usiku sikulala. Nilimwambia mzee wangu pengine ni masikio yangu iko na shida. Pengine ni kichwa. Wewe ulikuwa na mashine. Mimi nitabishana na mashine?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu, huku akimpapasa mtoto mgongo.

Chai sikuweza kuimaliza.

Ukuta utajengwa na kelele itapungua. Lakini usiku ule mmoja, mama mzima amelala macho akijiogopa mwenyewe kwa sababu yangu, nitamrudishia na nini?