Hodi ya Root

Jumanne, usiku

Sijamwambia mtu, hata mama: asubuhi nilishafungasha nguo nirudi nyumbani Mbwara.

Jana Kaka Seif, mwenye duka ninalojifunzia kazi hapa Kibiti, alisema kompyuta ya mashine ya mpunga kule Mohoro isipochapa risiti leo, atamwita fundi wa Dar. “Na wewe, mdogo wangu, ukafukuze ndege shambani.” Alicheka. Mimi sikucheka.

Kompyuta hiyo naiingia kwa mtandao nikiwa hapahapa dukani, na skrini yake naiona yote. Ila programu ya kurekebisha printa inataka root, yule mkuu wa kompyuta mwenye mamlaka yote. Kila nikiifungua kwa root, inagoma. Tangu jana nilidhani nimekosea nywila.

Leo nikausoma ujumbe wa kosa polepole, badala ya kuuogopa. Nywila ilikuwa sahihi. Kumbe skrini ndiyo iliyomkatalia root, kwa sababu nimeingia kwa jina langu, na skrini niliyofunguliwa ni yangu. Hata mwenye nyumba hupiga hodi chumbani kwa mgeni wake.

Nikaandika amri moja ya kumruhusu root, yeye peke yake. Programu ikafunguka, nikarekebisha printa. Mohoro wakapiga simu: risiti zinatoka.

“Umefanyaje?” Kaka Seif akauliza.

“Nimempa ruhusa tu.”

“Haya. Kesho kuna kompyuta ya kutengeneza kule Chumbi; ni yako, sitaigusa.”

Mimi!

Lakini hili libaki kwetu, tafadhali. Nilipobonyeza ile amri nilisema “karibu” kwa sauti, na mteja wa fotokopi akageuka kuangalia nani ameingia.