Mstari Katikati ya Ukuta wa Magogo

Jumanne, jioni. Joto halijapungua, na vumbi la leo limeingia mpaka kwenye kope. Nikisema nimechoka tu nitakuwa nakudanganya, shajara. Nina hasira.

Namchukia Akinyi. Nimeshaandika, basi.

Yeye Mkenya, mimi wa Tanga. Tunalala chumba kimoja hapa mtaa wa Al Muraqqabat, huku ugenini kwa Waarabu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na akijigeuza chenga za kutu zinanidondokea usoni. Kampuni yetu ya usafi ina wanawake wengi, ila wanaojua mbao ni sisi wawili tu. Ndiyo maana kila siku tunapelekwa pamoja kwenye nyumba ya magogo ya arbab mmoja, tajiri mzee, huko shambani kwake nje ya mji.

Nyumba yenyewe nzuri, siwezi kuisingizia. Magogo mazima ya mviringo, yamelazwa moja juu ya jingine, yameletwa kutoka nchi ya baridi. Jua la huku limeyababua upande wa magharibi mpaka yakawa na rangi ya jivu. Tukayaosha kwa maji ya taratibu, maana maji ya nguvu yanaichana mbao inaota manyoya. Tukapiga msasa. Tukaziba nyufa. Ikabaki kupaka dawa, ile rangi nyembamba ambayo gogo linainywa halafu inalikinga na jua.

Sasa sikia kinachotugombanisha. Likizo.

Zamu yangu na yake zimeangukia pamoja, na wote hatuwezi kuondoka, mbao atabaki nazo nani? Mmoja aende sasa, mwingine asubiri mpaka joto la mwaka ujao liishe. Mwanangu Faiza nilimwacha anatambaa. Siku hizi anakimbia. Bibi yake akimpa simu aongee na mimi, anaigeuza nyuma atazame nimejificha wapi.

Supavaiza naye akapata pa kuchezea. Jana alichukua chaki, akachora katikati ya ukuta, akatuambia: "Wewe huku, wewe kule. Upande mzuri, mwenyewe anakwenda kwao. Yalla!"

Ningekataa palepale. Gogo halina upande. Linaanzia kona hii linaishia kona ile, na dawa unaipaka ukilifuata gogo lenyewe, bila kusimama, ncha ikiwa bado mbichi, mpaka unafika mwisho. Mimi nalijua hilo. Akinyi analijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtu alikuwa anaiona ndege yake.

Leo tukapaka. Kila mmoja na nusu yake, juu kwenda chini, migongo tumepeana. Mpaka hapo hakukuwa na ubaya. Nikawa nageuka kidogo kidogo kuchungulia kwake, na nikiri, kwake kulikuwa kunapendeza. Roho ikaniuma.

Halafu akavuka chaki. Upana wa kiganja kizima, kwenye upande wangu.

Nikamwambia arudishe mkono wake. Hata hakunitazama. "Hii ni upande yangu. Kama hutaki, enda umwambie huyo boyfriend yako supavaiza." Wanaume wanaomwagilia bustani wakacheka. Huyo supavaiza mimi hata salamu yake siipendi!

Nikachovya brashi, nikavuka na mimi, nikapaka kwake. Akarudia. Nikarudia, kila gogo. Ukutuona ungedhani watoto wanaogombea shuka. Dawa ya kwanza ilikuwa imeshakauka kwa jua, ya pili ikakaa juu yake, ya tatu ikakaa juu ya ya pili.

Alasiri arbab akaja na fimbo yake, supavaiza nyuma yake. Akasimama mbali, akaunyooshea ukuta fimbo. Tukaenda kusimama alipo, ndipo tukaona. Ukuta mzima rangi ya asali, na katikati, juu mpaka chini, mstari mweusi mpana kama kovu la kuungua.

"Khalas," akamwambia supavaiza. "Toeni yote. Wapake tena hawa hawa wawili."

Akaenda zake ndani. Supavaiza akatugeukia sisi. "Hakuna likizo! Wewe hakuna, na wewe hakuna, mpaka ukuta uwe rangi moja!" Habari ya chaki hakuitaja. Nilimwona anafuta vidole kwenye suruali kama vile chaki ya jana bado iko pale.

Huyo naye namchukia.

Kwenye basi la kampuni Akinyi alikaa nyuma yangu. Tulikuwa tumeshaingia mjini aliponigusa bega.

"Umefurahi sasa, Tanzania?"

"Wewe ndiye uliyevuka kwanza."

"Na wewe ukanifuata kama mbuzi."

Kicheko kikanijia mpaka kooni, nikakimeza. Simpi huo ushindi.

Kisha akasema, "Tukishatoa hiyo uchafu tunaanza juu. Gogo kwa gogo. Wewe paka, mimi navuta nyuma yako. Na usinicheleweshe."

"Sawa," nikamjibu. Hilo tu. Huko ndiko kupaka kwenyewe, mmoja anatangulia na dawa, mwenzake anafuata anailainisha kwa brashi kavu.

Tangu nishuke kwenye basi nawaza jambo moja. Tukipaka hivyo, hakuna atakayejua mkono wangu uko wapi na wake uko wapi. Supavaiza hatakuwa na upande wa kuuchagua. Hata akitaka kutupiganisha tena, atashika nini? Itabidi tukamwambie sisi nani anatangulia kwenda likizo. Yaani nikae na mwanamke huyu, ana kwa ana, tuamue nani akamkumbatie mwanawe na nani asubiri.

Sasa hivi yuko hapo juu yangu anaongea na simu, Kijaluo, na mtoto wake. Anacheka. Sauti laini kabisa, hiyo sauti sijawahi kuisikia kwake.

Humu chumbani sisi Watanzania tunaitana kwa majina ya watoto. Mimi Mama Faiza, dada wa kitanda cha dirishani Mama Juma. Yeye ni Akinyi tu, na muda wote huu sijawahi kumuuliza mwanawe anaitwa nani. Siyo kwamba nimesahau. Sikutaka kujua. Mtoto asiye na jina ni rahisi kumnyang'anya mama yake.

Kesho, kabla hatujashika hata msasa, nitamuuliza. Naogopa, shajara. Nikishalijua hilo jina nitamchukia Akinyi kwa shida, na likizo bado naitaka.