Kijiko Chenye Tundu

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Kaloleni tuko salama, ila goti la nyanya yako halijapona na kutulia hataki. Umeuliza kwa nini kijiko chetu kimoja kina tundu. Nilikitoboa mimi, miaka ya sabini, kiwe chambo cha kuvulia samaki likizoni Mombasa. Nilikifunga kwenye mshipi, nikajifunza kukirusha uwanjani mwezi mzima. Kila nikirusha, nyanya yako alienda kukiokota akaniletea, kisinase kwenye nyasi.

Kule miambani nilirusha mbali kuliko wote, nikangoja. Sikupata kitu. Mvuvi mmoja akaniambia, "Bwana, usingoje, kivute! Samaki hufukuza kinachokimbia."

Kuvuta nilikuwa sijajifunza. Mwezi mzima niliona kama kijiko kinarudi chenyewe.

Ni mimi babu yako.